Nasambu Anaruka Amefumba Macho

Makina, Kibera,
Nairobi.
Jumapili, 11 Agosti 1996

Mpendwa dada Jael,

Mulembe. Hujambo, na watoto hawajambo? Mguu wa shemeji unaendeleaje? Natumai mahindi yamekomaa na tumbili wamewaachia angalau ya kuchoma. Huku tunapumua. Baridi ya Agosti imetushika, na mimi bado natengeneza viti vya watu wasio na haraka ya kuvichukua.

Barua hii nampa jirani yangu Shivachi, anayepanda basi kesho, kwa sababu jambo lenyewe haliwezi kungoja posta. Ni la binti yako.

Tangu Pasaka, mwenzake Audrey alipoanguka kutoka kileleni mwa mnara wetu wa sarakasi, ule wa watu juu ya mabega ya watu, akavunjika mfupa wa bega, Nasambu amekataliwa na miguu. Yeye hakuanguka, alitazama tu. Lakini tukimpandisha mabegani hadi juu, pale pa kujirusha nyuma adakwe, alikuwa anaganda. Wenzake walimcheka, halafu wakachoka kumcheka.

Nikaanza kumrudisha polepole. Kwanza chini kwenye godoro, kisha kwenye benchi, kiganja changu mgongoni mwake, na siku akikataa tunakunja godoro tunaenda kula mandazi. Alikuwa anakuja vizuri. Haraka haraka haina baraka, nilimwambia kocha wetu Naftaly, naye akanicheka. Jumamosi ijayo wanakuja wageni wanaochagua kikundi cha kwenda ng'ambo. Kocha hana nafasi ya mandazi.

Basi wiki jana kule mtaa wa Kongo, Kawangware, tunakofanyia mazoezi, kocha alimfunga mtoto macho kwa leso akamwambia aruke. Akaruka. Watu wakashangilia, hata mimi nilipiga makofi, Mungu anisamehe. Sasa leso imetolewa na Nasambu anaruka kila akiambiwa.

Jana mgongo uliniuma nikakaa pembeni, ndipo nikamwona uso. Kabla ya kuruka anafumba macho, na hayafumbui mpaka adakwe. Jana hiyo hiyo aliruka upande, mdakaji wetu Wakoli akamkamata kwa nguo. Tukirudi nyumbani nilimuuliza, akasema, "Anko, nikifungua macho miguu inakataa. Usiambie kocha."

Kocha nilimwambia. Akanijibu, "Wachana na yeye, ako sawa. Ukimwongelesha ndio utamharibu."

Nimeogopa, dada. Nikijitoa, chini atasimamishwa kijana wetu Ndeti, ambaye magoti yake hayajakomaa. Nikibaki, mimi ndiye mtu wa chini kabisa, na mtu wa chini hainui kichwa. Siku ya wageni nitajua ameruka mabega yangu yakipata wepesi. Mengine nitaambiwa na sauti za watu.

Nikimkataza anasema namwonea kwa sababu si mtoto wangu. Wewe ndiye mama, neno lako hatalipinga. Nakuomba, kuku waachie wenzako, uwe hapa Ijumaa.

Msalimie shemeji, mama yetu, na mdogo wetu Mercyline. Mungu awafunike nyote, na wewe akufungulie njia mapema.

Nasambu anajua nakuandikia. Ameniomba nikwambie amepona.

Ni mimi ndugu yako nikupendaye,
Wanzala