Blanketi Lako Mgongoni mwa Kondoo

Lackawanna, Februari 2016

Mama yangu,

Kichwa kimenivurugika, na mtu wa kumwuliza ulikuwa wewe tu.

Unakumbuka kule Shively, mke wangu alipojifungua? Uliwasha hita mpaka jasho likatutoka, ukamfunika lile blanketi la kijani ulilotoka nalo kwenye kambi ya wakimbizi, ukamnywesha uji wa moto. "Mwenye iko na maziwa, baridi isimuguse," ulisema. "Baridi inakaushaka maziwa." Mtoto alishiba kweli.

Tulipokwisha kukuzika Louisville, nilihamia huku karibu na Buffalo, nikapata kazi kwenye shamba la kondoo wa maziwa. Basi mwezi uliopita, theluji imefika magotini, mwenye shamba akaleta mashine akawanyoa wote. Majike wanaokamuliwa, Mama! Walibaki uchi bandani wanatetemeka. Mmoja mwembamba alinitazama, nikashindwa kuvumilia. Kesho yake nilikuja na blanketi lako nikamfunga nalo kwa kamba.

Yaya Furaha, dada yangu mkubwa, alipopiga simu kutoka Columbus, nikamweleza. "Donc, blanketi ya mama unavalisha kondoo? Bon, uko na akili kweli?" Kisha nikamsikia analia.

Cha ajabu, wale walio uchi walivamia majani makavu wakala kutwa, na maziwa yao yakapanda. Wangu alijilalia tu na joto lake, maziwa yakabaki vilevile. Mwenye shamba hakunigombeza. Alisema baridi humtia kondoo njaa, naye akila sana hutoa maziwa zaidi, mradi chakula kipo na banda halipitishi upepo.

Nikalitoa blanketi. Jioni nilimkuta horini anasukumana na wenzake, na baada ya siku chache maziwa yakaongezeka. Nilipaswa kufurahi, lakini nilikasirika, na mpaka leo sijui nimemkasirikia nani. Je, ulikosea, Mama? Au kondoo ni kondoo na mzazi ni mzazi? Yule mzee mwenye shamba hajawahi kumtunza mzazi, na wewe hukuwahi kuona mashine ya kunyoa. Nimwamini nani?

Zamani nilikuwa nikilala nimejifunika nalo uso, maana lilikuwa bado na harufu yako, moshi na mafuta ya mgando. Sasa linanuka kondoo. Mke wangu anasema nilifue. Siwezi. Naogopa huenda chini ya hiyo harufu ya kondoo bado upo.

Huko uliko, baridi isikuguse.

Mwanao wa mwisho