Mchina Yuko Nje kwa Dhamana, Anataka Kupanda Meli

Wewe ninayekuita Winnie, tangu nikupatanishe na wifi yako umenikalia kimya kama nimekufa. Leo yamekufika ndiyo unakumbuka Bibi Paskazia wa gazeti yupo. Barua yako nimesomewa mara mbili. Majina nimebadilisha, wenzako nao wasome:

"Bibi, shikamoo. Naomba unisaidie, mimi naanika mabondo ya sangara, vile vifuko vya hewa vya tumboni mwa samaki, mwaloni Kirumba mitumbwi inaposhusha, na mnunuzi wetu ni Mchina, Bwana Lin, alikamatwa kwa kununua bila leseni nikamwonea huruma nikamdhamini kwa hati ya nyumba ninamolea watoto, alipotoka akaniuliza neno 'bail' ndiyo nini, kwani anajifunza Kiingereza na mimi nilifika kidato cha pili, nikamjibu mbele ya wenzangu kwamba ni kuachiwa, kesi imekwisha, tukachoma na samaki, kumbe karani wa mahakama ananiambia kesi inatajwa mwisho wa mwezi, na Lin anasema kabla ya hapo atapanda meli ya Bukoba avukie Uganda, nikamkataza akacheka, akagonga kamusi yake kwa kidole, akasema, 'Winnie, wewe mwalimu. Kitabu pia: kuachiwa.' Nikienda polisi nimemuuza, nikinyamaza watoto wangu watalala wapi?"

Pole, mwanangu. Sasa nikuseme. Shule hukukosa, ulikosa kusema sijui. Na hicho kitabu kimesema nusu. Mtu wa dhamana ni ng'ombe aliyefunguliwa miguu. Kamba ya shingo bado ipo, na umeishika wewe. Hatusemi amemaliza dhamana. Tunasema yuko nje kwa dhamana, kwa sababu kesi yake ingali ndani inamngoja.

Una haki ya kuogopa, ila usijifungie na huo woga. Leo hii, kabla hujaanika hata bondo moja, mwambie Lin mbele ya wale wale uliojivuna kwao: nilikufundisha vibaya. Kisha mshike mkono hadi kwa karani aonyeshwe jina lake na tarehe. Safari akaombe ruhusa kwa hakimu, siyo kwako. Akigoma, usimlilie, siku hiyo hiyo rudi mahakamani ukaseme uliyemdhamini anataka kuondoka. Huko siyo kumuuza. Ndiyo kazi uliyoitia sahihi.

Siku ya kesi, mkitoka, pitieni kwangu Bujora wote wawili. Wewe utafunga mdomo. Lin ndiye ataniambia hilo neno maana yake nini.