Sura ya Tisa Sikuisoma

Dada yangu wa mbali,

Huku hatujambo, ila paa la duka la vitabu limevuja tena na Mama macho yanamsumbua. Wateja wangu wanagombania tawasifu mpya: ya rubani, ya jaji, na ya yule mkunga mstaafu wa mtaani kwetu. Kitabu hicho cha mkunga nilikisifia kwenye kadi ya dirishani, "Kisome chote!", ilhali mimi mwenyewe nilisoma mwanzo na mwisho tu, kama kawaida yangu.

Jana mteja mmoja akanitania: "Mtoto wa sura ya tisa ana kishungi cheupe utosini, kama wewe!" Nikacheka, nikaenda kuisoma stoo. Mkunga hakutaja jina. Kaandika habari za msichana wa miaka kumi na sita aliyejifungua, mama yake akampokea mtoto na kusema, "Kuanzia leo huyu ni wangu."

Nakala nimezitoa dirishani, lakini Mama anataka nimsomee kitabu hicho kwa sauti, kuanzia kesho.

Umenipita miaka kumi na sita, Dada. Nimehesabu mara nne.

Mimi mdogo wako, mpaka utakaponijibu.