Mlango Nilioupita

Somo yangu,

Shikamoo. Barua hii siipeleki posta, hata kama ingekuwa na njia ya kukufikia. Posta siiamini, wala mwenye duka mkabala na posta, wala mimi mwenyewe nikishaanza kusema. Nikimaliza nitaishonea ndani ya mto. Hivi ndivyo tulivyo Kivinje tangu ulipotuacha.

Arobaini yako inatimia keshokutwa, na kuna jambo nilikuficha. Wewe ndiwe uliyenifunda nikiwa mwali. Kwako siwezi kuzeeka na uongo.

Unakumbuka Bwana Shauri, yule Mzungu wa Boma la serikali, alipokataza mikutano ya chama bila kibali, wanaume wakabaki barazani wanakuna ndevu. Wewe ukasema, "Kibali cha kusema watatunyima. Cha kulia nani atatunyima?" Ndipo tukaanza kuzua misiba. Nilipita nyumba kwa nyumba, ushungi umenifunika, nikisema bibi fulani wa Likawage amefariki, hitima ni leo baada ya adhuhuri. Wanawake walikuja, wakalia kidogo mlangoni ili njia isikie, kisha ndani tukagawana kadi za chama na habari za Dar es Salaam. Yule bibi wa Likawage tulimuua mara nne. Siku moja ulicheka mpaka ukaegemea ukuta, ukasema akifa kweli tutakuwa tumemaliza machozi yake.

Kisha ikaja ile hitima tuliyomkuta askari kanzu wa Boma amekwisha kukaa barazani, tasbihi mkononi, anatupa pole. Nani alimwambia? Usingizi ukanipaa. Niliwaza huku na huku nikamfikia Bi Zuhura. Shoga yako tangu utotoni, najua. Lakini mkwewe alikuwa amepata utarishi Bomani, na siku ile yeye mwenyewe aliuliza mara mbili kadi zinawekwa wapi. Nilipokudokeza ulinikata: "Ukianza kuchuja watu, Hadija, utabaki na chujio." Ila mkutano uliofuata, na wa baada yake, mlango wa Bi Zuhura niliupita. Ulipouliza nikakwambia ana udhuru. Hakuwa na udhuru, Somo. Sikumgongea.

Halafu homa ikakuchukua kwa siku tatu tu. Asubuhi ile nilitoka kuwaambia watu, na nilipofika kwa Bi Zuhura miguu ikapita yenyewe. Nikasema moyoni, msiba hauna mwaliko, kilio atakisikia; acha nione kama atakuja. Nilikuwa namtega. Mungu anisamehe, nilimtega kwa maiti yako.

Hakuja. Ulikuwa umetuusia sote kwamba atakayekuosha ni Zuhura, na karafuu maiti anayo yeye sandukuni mwake. Tulingoja mpaka wanaume wakaanza kukohoa uani. Nikakuosha mimi na mpwa wako, na ndani ya uchungu ule kulikuwa na kitu kama furaha: nimemjua! Naona haya kukuandikia hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Jioni, watu wamekwisha kurudi kutoka makaburini na habari imemfikia, Bi Zuhura akaja mbio, miguu mitupu, kifurushi cha karafuu maiti mkononi. Nikasimama mlangoni. Hata shikamoo sikumpa. Nikamwambia mbele ya wote, "Umekuja kutuhesabu?" Hakunitukana. Alisema taratibu, "Nilisikia kilio tangu asubuhi. Nikajua mna mkutano tena na mimi mmenitenga. Nikasema, leo wanalia vizuri."

Somo, nyumba ya tatu kutoka kwako, alikaa siku nzima anasikiliza unavyoliliwa, akidhani ni bibi wa Likawage.

Aliweka kifurushi kizingitini akaenda zake. Hakuna aliyemwita. Na mimi, hata hapo, nilisema moyoni: huyu naye anajua kuigiza.

Juma lililopita tulikutana kisimani, safari hii tukijifanya tunafua. Tulikuwa tisa. Wengine wamebaki majumbani, kila mtu anamwogopa mwenzake, na wawili hata salamu hawapeani. Bi Zuhura hakuijua siku wala saa. Askari kanzu alifika kabla ndoo hazijajaa. Basi ni mmoja wetu sisi tisa, au ni mtu anayefuata nyayo zetu, au ni mdomo wangu. Sijui. Nawatazama wakikamua nguo na kila uso naona una neno. Boma halikuhitaji kumfunga mtu. Chama nimekifunga mimi, mlango baada ya mlango.

Kesho natoka kuwaita watu kwa arobaini yako, na naanzia nyumba ya tatu. Kifurushi chake ninacho, sijakifungua, nitamrudishia mkononi mwake. Simwamini bado, sitakudanganya mara ya pili. Lakini kama ni yeye, basi aende akawaambie Bomani kwamba tulikulilia. Na mtu ambaye hajafa sitamtangazia tanzia tena. Tutatafuta hila nyingine, nakuahidi, na mikutano haitakufa mikononi mwangu.

Pumzika, Somo. Kaburi lako limeota majani, nitakwenda kuyapalilia. Kesho nitagonga, nitafunua ushungi wangu, niseme yale niliyotakiwa kuyasema asubuhi ile: Bi Zuhura, shoga yako ametutoka. Safari hii ni kweli.

Mwali wako,
Hadija