Wimbo wa Clifton Haukuwa Wangu

Earlene, uko wapi? Shoga, nimeaibika mbele ya kanisa zima!

Leo mchana si ilikuwa sherehe ya ile albamu ya mapenzi ya kina Clifton, imetolewa upya. Mume wangu na wenzake wawili wa bendi waliobaki hai wakavaa suti za bluu, na nusu ya Philadelphia ikaja ukumbi wa kanisa kutoa machozi.

Akaimba wimbo wangu. Ule aliouimba akinipigia magoti mwaka sabini na tano, wa "kishimo cha shavuni mwako".

Mama mmoja wa mbele akatabasamu. Earlene, ana kishimo! Kwenye shavu!

Mimi sina kishimo. Miaka yote hii nilidhani ni maneno tu ya wimbo.

Nikasimama na sahani yangu ya kuku. "Clifton, huyu nani?"

Muziki ukakatika. Akasema, "Mke wangu, huyo ni Vernita. Alinikataa kabla sijakujua."

ALIMKATAA! Na kama angekubali je?

Vernita naye akadakia, "Dada, kaa naye tu. Mimi hata sauti yake sikuipenda."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Nikatoka.

Kwenye gari nimemwambia asiniguse mpaka anitungie wimbo wangu mwenyewe. Sasa yuko jikoni, mzee mzima, anaimbaimba peke yake akitafuta namna ya kuisifia pua yangu.

Sijamsamehe. Ila mlango wa chumbani nimeuacha wazi, nisikie.