Kwa Shemeji Aliyekatazwa Kuongea

Mpendwa Dekow, seeddi, shemeji yangu,

Assalamu aleikum. Usijibu. Najua mdomo umeshafunguka, ufunge. Itikia moyoni, Mungu anasikia.

Dada yangu Habiba, mkeo, amenieleza maneno ya daktari. Kwamba wamekata kile kinyama kilichoota kwenye uzi wako wa sauti, wamekipeleka kupimwa, na mpaka kidonda kipone hutakiwi kutoa sauti ya aina yoyote. Nikamuuliza, "Na kunong'ona?" Akasema, "Hata kunong'ona hapana." Nikamwambia ampe daktari huyo salamu zangu, anajua kazi. Mimi nimesema miaka yote kwamba kunong'ona kunachosha koo, na wewe ukanicheka, eti mpiga gitaa koo atalijulia wapi. Umeona sasa? Shule niliacha darasa la sita na nimekubaliana na daktari wa Nairobi.

Barua hii naiacha wazi, binti yako Ifrah ataiweka kwenye ukurasa wa bendi, kwa sababu soko la mifugo hapa Garissa silipiti tena kwa amani. "Warya, wewe, mwimbaji wenu amekatwa koo?" "Ni kweli hatasema tena?" Mwingine anasema ni zile kelele zetu za roki, tulijitakia. Muuza mbuzi mmoja alinishika mkono akanipa pole ya msiba. Pole ya msiba, Dekow! Nikamwambia akawape pole mbuzi wake. Halafu nikaingia kwenye pikapu nikakaa bila kuiwasha. Basi wote wasome hapa: mtu yuko hai, ameketi kitandani, amenyamaza kwa amri.

Na kwa kuwa huwezi kunibishia, leo nitasimulia habari zetu jinsi zinavyotakiwa kusimuliwa.

Nilikuwa nimekwenda Wajir na baba kununua ngamia, gitaa langu mgongoni. Wakati ule kutoka mto Tana mpaka Mandera hakukuwa na gitaa lingine la umeme, na kama lilikuwepo basi mwenyewe alilificha aliposikia nakuja. Tukafika visimani. Ngamia wamejipanga kwenye birika wanakunywa, na chini ya miguu yao, ndani ya ardhi, kuna mtu anaimba. Sauti pana, haina haraka. Mimi nikatembea taratibu mpaka ukingoni, nikachungulia, nikasema, "Wewe huko chini, panda juu, nimekupatia kazi." Wewe husimulia kwamba nilikimbilia lori nikipiga kelele jini, jini, na kiatu kimoja kikabaki kwenye tope. Hiyo tutaizungumza ukipona.

Nakumbuka nilikuuliza nani alikufundisha. Ulikuwa umeloa maji, ukanitazama kama mtu aliyeulizwa nani alimfundisha kula.

"Ndoo ikipanda, pumzi inatoka," ukasema. "Ndoo ikishuka, pumzi inaingia. Kuna nini kingine?"

Hakuna. Nimepiga na waimbaji wengi, wengine walikuja na suti, na hakuna aliyenionyesha zaidi ya hapo. Mtu wa kisimani mgongo wake una kazi, mikono ina kazi ya kumrushia mwenzake ndoo, koo peke yake halina kazi, kwa hiyo linalegea. Waimbaji wa siku hizi koo ndilo wanalolitwika mzigo wote. Wanainua mabega, wanainua kidevu, wanavuta shingo kama ngamia anayekataa kupanda lori, mishipa inatoka, na mashabiki wanasema huyu anaimba kwa hisia. Hisia gani? Huyo anajinyonga! Wewe ulifunga kikoi kiunoni chini ya suruali, ukivuta pumzi kikoi kinabana. Uliniambia, "Ukiona kikoi hakinibani, ujue nawadanganya watu." Watu walitazama uso wako, mimi usiku na mchana natazama kiuno chako, na kama kuna mwanamume mwingine aliyetazama kiuno cha shemeji yake namna hiyo, ajitokeze.

Tena wanadhani roki ni kukwaruza. Wanachubua koo ili sauti itoke na kutu. Wewe ulikuwa na kutu yako, lakini ilikaa juu ya sauti safi, kama ile harufu ya moshi kwenye maziwa ya kibuyu kilichofukizwa. Moshi unausikia, maziwa hayajaungua. Hicho kitu sijamsikia nacho mwingine, na nimesikiliza sana.

Kipimo chetu kilikuwa ngamia. Kisimani sauti ikikwama, ngamia huinua kichwa na kuacha kunywa, kwa hiyo kila mwimbaji mpya tulimuuliza: huyu ngamia wangekunywa? Unakumbuka kule Griftu, siku ya mnada wa ngamia? Nilipiga gitaa peke yangu kwa muda mrefu, na mnada wote ukasimama, ngamia wakapiga magoti mmoja baada ya mwingine. Wewe unasema walikimbia kwa sababu jenereta lililipuka. Mimi najua nilichokiona.

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo silipendi.

Kwenye ile harusi ya jirani, baada ya mvua, ulifika mahali pa juu pa wimbo na sauti ikapasuka. Kidogo tu. Watu hawakujua, walikuwa wanarusha mikono. Ukanigeukia ukacheka, "Vumbi." Nikasema, "Vumbi kweli." Harusi iliyofuata nikaanza wimbo ule ule chini kidogo, bila kukuambia. Ukanitazama mara moja, ukaimba. Iliyofuata nikaushusha tena. Hatukusema neno, mimi na wewe tunaogombana hata juu ya njia ya kwenda msikitini. Tukawa tunaufuata wimbo chini, chini, mpaka siku moja nikaona gitaa limefika mwisho na wewe bado hufiki. Jioni ile nilimpigia Habiba, naye akakufungia begi la kwenda Nairobi.

Toka uondoke watu wa harusi wananiletea waimbaji. Juzi amekuja mmoja mwenye ndevu nzuri, na simu yake, na waya, na kijisanduku cha kunyoosha sauti.

"Adeer, mzee wangu, wewe piga tu," akaniambia. "Hii inaniweka sawa."

"Na stima ikipotea?"

"Si tutangoja irudi."

Nilicheka mpaka akaudhika. Hana makosa, ni mtu mzuri. Lakini alipoanza kuimba nilitazama kiuno chake kwa mazoea. Hakuna kitu kilichosogea. Nikalirudisha gitaa kwenye begi, nikamwambia kamba imekatika. Haikukatika.

Jana Habiba alipokuwekea simu sikioni tukafanya ule mchezo wetu, ugonge simu kwa ukucha, mara moja ndiyo, mara mbili hapana. Umekula? Ndiyo. Maumivu yamepungua? Ndiyo. Habiba anakusumbua? Ndiyo, haraka sana, nikamsikia akikupiga kibao mkononi. Kisha nikakuuliza, "Unaogopa hilo jibu la kipimo?"

Hukugonga.

Nikangoja. Nikasikia pumzi yako tu, na unajua mimi nimeisikiliza pumzi hiyo maisha yangu yote ya kazi. Ilikuwa inatokea juu, kifuani, fupi fupi, kama za hawa waimbaji ninaowasema. Haikuwa inatokea kiunoni. Basi nikajua, nikaanza kukueleza habari za bei ya nyasi.

Dekow, na mimi naogopa. Nalisema mara moja na sitalirudia. Simu ikilia mchana naiacha iite kwanza. Chakula nakiangalia. Wanangu wananiuliza shangazi yao Habiba amesema nini, nawaambia amesema Nairobi kuna baridi. Mimi ni mtu wa maneno mengi, lakini kila neno nililowahi kujisifia nalo, sauti yako ndiyo iliyokuwa nyuma yake. Gitaa langu bila wewe ni waya na mbao.

Kwa hiyo nisikilize. Mwambie Habiba kwa mkono akupe kikoi. Kifunge kiunoni hapo hapo kitandani. Usitoe sauti, vuta pumzi tu mpaka kikoi kibane, kisha iache iende. Ndoo inashuka, ndoo inapanda. Hilo daktari hajalikataza.

Na jambo la mwisho. Humu ndani nimetia uongo, na wewe unaujua mmoja mmoja. Nimeutia makusudi. Ukikusumbua, ukikuwasha, usinijibu kwa karatasi, uuweke. Siku daktari akikufungulia mdomo, sitaki wimbo. Nataka neno la kwanza liwe, "Mwongo wewe, ulikimbia."

Na jibu likija jingine, na sauti isirudi, rudi wewe hivyo hivyo. Kiti chako ni kile kile, kushoto kwangu. Nitawasimulia watu kisima cha Wajir, na nikifika pale nilipotembea taratibu mpaka ukingoni, gonga meza mara mbili. Garissa nzima wataelewa.

Nakuacha mikononi mwa Mwenyezi Mungu, na kikoi kikiwa kimefungwa.

Mimi, kaka ya mkeo na abti, mjomba wa Ifrah,
anayesimama kulia kwako na gitaa.