Pivo la Kushoto na Safari ya Punia

Kindu, Jumamosi. Kiangazi kinakwisha.

Tangu asubuhi wingu limekaa juu ya mto Lualaba, halinyeshi wala haliondoki. Watu wanalifurahia kwa ajili ya mashamba yao. Mimi kila nikiliona nahesabu siku zilizobaki.

Baba mkwe alituma neno mwezi uliopita kwa mdomo wa dereva wa lori. Mvua ya kwanza ikinyesha Punia na Amisi, yaani mimi, hajafika mwenyewe kumfuata mke wake, basi Zaina yuko huru. Ndivyo ilivyo kwetu. Mke akirudi kwao kwa hasira, mume ndiye anayemfuata. Asipomfuata amemwacha, hata kama hajatamka neno.

Sijamwacha. Ee Mungu, sijamwacha.

Miezi minane sasa. Aliondoka kwa sababu yangu, niandike hivyo leo bila kuzungukazunguka. Dada yangu alikuwa anakaa kwetu, na siku moja, mbele ya majirani, alimwambia Zaina kwamba nyumba hii inalisha tumbo lisilozaa. Zaina hakumtazama wifi yake. Alinitazama mimi. Nami nikaendelea kumega bugali. Kesho yake alifunga nguo zake akaenda kwao. Dada ameolewa Kibombo siku hizi, ana mji wake, na mimi nimebaki peke yangu kwenye kambi ya wafanyakazi na vyungu viwili.

Kwenda Punia si shida ya miguu, ni shida ya karatasi. Mtu mweusi hatoki Kindu bila ruhusa ya ofisi. Ofisi inataka barua ya mkubwa wa gereji ninakofanya kazi, na mkubwa wa gereji anasema kazi ni nyingi. Nimeomba mara tatu, na mara tatu kazi ni nyingi.

Ndipo ikaja hii motokari.

Ni ya injinia mmoja wa migodi ya bati, mzungu kijana tuliyempa jina la Bwana Haraka. Gari jekundu la mbio, viti viwili, limelala chini hata kuku mnene hapiti chini ya tumbo lake. Liliposhushwa kwenye treni mji mzima ulikwenda stesheni kulitazama. Gari lile na njia zetu hizi! Ramazani, mwenzangu wa gereji, alisema limesafiri kutoka Ulaya kuja kuoga matope. Lakini Bwana Haraka alitaka kwenda nalo Punia kesho Jumapili, awaonyeshe wenzake, na kwa kuwa lilikuwa linapiga kelele mbele, alitaka fundi akae naye kwenye kiti cha pili. Karatasi ya njia angeiandikisha yeye. Fundi mwenyewe ni mimi.

Jamani, nilikaribia kucheza ngoma mbele yake.

Jumatano tulilijaribu. Yeye aliendesha, mimi nikatoa kichwa nje ya mlango, sikio chini karibu na gurudumu, tukawa tunazunguka mbele ya stesheni. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Tukienda moja kwa moja, kimya. Tukivuka reli, kwii, kwii. Tukikata kulia, uzito wote unaegemea kushoto, na hapo gurudumu la kushoto linagonga: ko! Usukani nao ulikuwa unatetemeka mikononi mwa bwana, ingawa yeye alisema ni tabia ya magari ya mbio. Tabia gani! Chuma hakina tabia, kina ugonjwa.

Gerejini nililipandisha kwa kriki, chuma cha kuinulia magari. Nikashika gurudumu juu na chini, nikalitikisa. Linacheza. Nikamwambia Ramazani akanyage breki, maana kama ni rulma, zile gololi za katikati ya gurudumu, breki itazibana na mchezo utaisha. Haukuisha. Basi ni pivo, ile fimbo nene ya chuma ambayo gurudumu linaizunguka likikata kona. Ili niwe na hakika nililala chini, nikaweka vidole kwenye maungio, na Ramazani akashika usukani. Ndugu huyu anazungusha usukani kama anavuta mbuzi asiyetaka kwenda sokoni.

Zaina ndiye aliyekuwa anajua kuuzungusha. Siku za Jumapili, nilipokuwa natengeneza kigari cha mizigo cha jirani nyuma ya nyumba yetu, yeye ndiye aliyekaa kwenye usukani. Kidogo kushoto. Rudisha. Kidogo tena. Hakuharakisha hata siku moja, na mara nyingi alisikia kabla yangu. "Sikia, inalia huku, karibu ya muguu yangu." Na kweli ilikuwa huko. Nilikuwa nalala chini ya kigari kile natazama nyayo zake mbili, na wakati mwingine kazi ilikuwa imekwisha zamani na mimi bado namwambia azungushe.

Basi Jumatano, nikiwa chini, macho nimeyafumba ili vidole visikie vizuri, nikasema: "Kidogo, Zaina."

Aibu ilinipanda mpaka masikioni. Ramazani ni mtu wa mzaha, angeweza kunicheka wiki nzima. Badala yake aliuzungusha usukani polepole, vizuri kabisa.

Pivo limekwisha. Limeliwa, na bushi yake, kile kibomba cha chuma kinacholishika, imepasuka. Jingine litatoka Ulaya kwa meli, na mpaka lifike Kindu mvua itakuwa imenyesha mpaka imechoka.

Nilijua la kusema. Sikulisema. Nilichukua grisi nzito, ile ya malori, nikaisindilia humo mpaka ikatokea kila upande. Alhamisi tukajaribu tena. Kwenye reli kimya. Kulia kimya. Grisi ile ingekaa siku moja, labda mbili. Halafu kwenye mashimo ya njia ya Kailo kwenda Punia, kwa mwendo wa bwana yule, gurudumu lingeweza kulala ubavu na sisi tukalala nalo.

Niliyajua hayo yote, nikamwambia limepona: "Njo muzuri sasa, Bwana."

Bwana Haraka alifurahi, akanipa mkono. Mkono wangu ulikuwa mweusi kwa grisi, yeye ana shati jeupe, lakini aliushika hasa akautikisa. Miaka saba nimefanya kazi gereji hii, hakuna mzungu aliyewahi kunipa mkono. Jana kutwa nzima nilikuwa nauangalia mkono ule na nauchukia. Kama angenitukana kama wengine, ningepanda naye hiyo motokari bila kujiuliza, liwalo na liwe.

Leo asubuhi nilikwenda kwake. Alikuwa amesimama barazani na kikombe cha kahawa. Nikamwambia gari lisitoke kesho, akang'aka:

"Alhamisi weye nasema muzuri!"

Nikakiri uongo wangu: "Nilisema bongo, Bwana. Grisi njo inanyamazisha kelele. Pivo imekufa."

"Sababu gani bongo?"

Na mimi ambaye kwa miezi minane nimewaambia watu wote kwamba mke wangu anauguza mama yake, nikamwambia mgeni huyu kweli yote. "Bibi yangu iko Punia, Bwana. Kama siende kumufuata, wazazi yake watanipokonya yeye."

Akacheka. Sidhani alicheka kwa ubaya. "Wanamuke iko mingi Kindu, Amisi." Akasema atakwenda Jumatatu na lori la migodi, nalo lina fundi wake. Mimi nirudi kazini.

Nilirudi. Nililivua lile gurudumu nikaliegemeza ukutani, nikaandika kwa chaki kwenye kioo kwamba gari lisiguswe. Ramazani alipouliza nikamweleza yote, pamoja na ule uongo wangu wa mama mgonjwa. Akapiga kelele: "Nani hajue? Kuta za kambi hii njo majani!" Halafu akapunguza sauti. "Pivo ya muzungu umeisemea kweli. Siku ya Zaina ulikula bugali."

Nikaokota spana zangu nikaanza kuzifuta grisi.

Jioni hii Ramazani amekuja na baiskeli yake, ameniegemezea mlangoni niende nayo Punia, akaondoka bila kuingia. Nimeutia mnyororo mafuta na kukaza breki. Kivukoni wanauliza karatasi, kwa hiyo Mugenya mmoja, mvuvi wa mto, atanivusha kwa mtumbwi, juu kidogo ya mji, kesho watu wakiwa bado hawajaamka. Siku tano mpaka Punia, labda sita. Jumatatu mkubwa wa gereji ataita jina langu na ataliita bure. Miaka saba ya kazi nadhani inaishia hapo, na gereza la kutoka bila karatasi sijui ni la siku ngapi. Naogopa. Naandika wazi kwamba naogopa.

Hata sijui kama Zaina atataka kunitazama. Maneno matamu sina, sikuwa nayo hata siku ya ndoa. Nina neno moja tu, na nitalisema mbele ya baba yake na kaka zake wote, kwa sauti: huyu ni mke wangu, azae asizae.

Wakinikamata njiani, watanikamata uso wangu umeelekea Punia.